Maji Baridi kwa Kuku Aliyenyamaza

Kuku anayepiga kelele hajanitia hofu hata siku moja. Apige kelele mpaka jirani aje na rungu akidhani kicheche kaingia bandani. Huyo ana nguvu, ana maneno, ana kesho. Ninyi mnaoanza sasa kazi hii ya kuzunguka na mkoba wa dawa, mwogopeni aliyenyamaza.

Mimi nimestaafu. Niko kwangu Magwagwa, migomba imenikua mpaka inaniziba nisione barabara, lakini simu yangu haijastaafu. Mnanitumia video za kuku aliyejikunyata kwenye kona ya kiota, na chini mnaandika: "Mama, huyu anaatamia ama ni mgonjwa?" Najua kwamba katika nyumba hiyo, wakati ninyi mnasubiri jibu langu, kuna mtu ameshakwenda kuchota maji.

Hayo maji mnayajua. Kuku akikatalia kiotani na mwenye nyumba hataki vifaranga, hutumbukizwa ndani ya maji baridi ili aache kuatamia. Wengine humfunga mguu kwenye mgomba, wengine humpitisha unyoya puani, lakini wengi wetu ni maji. Magokoro wangu, mama yake baba, alimpeleka kuku kisimani asubuhi, wakati maji ya milima hii yanauma meno. Alimzamisha mpaka shingoni akimwambia kwa Ekegusii, "Amka, mwanamke, watoto wako wameshaliwa pamoja na chai." Kuku alirudi nyumbani akitetemeka na kututukana sote, na baada ya muda alikuwa akitaga tena. Hakuna aliyeona ubaya, na kwa kuku anayeatamia kweli, ubaya haukuwa mkubwa.

Lakini kuku aliyekwama yai naye hukaa kiotani asitoke. Kwa mtu anayepita mbio, hao wawili ni sura moja. Kwa hiyo msipite mbio. Inameni. Pelekeni mkono. Anayeatamia atavimba manyoya awe mkubwa kama mtungi, atanguruma, atawadonoa hadi damu. Macho yake yamewaka. Aliyekwama yai hatawadonoa. Macho huyafumba nusu, mkia huupandisha na kuushusha kama mtu anayevuta pumzi kwa nyuma, na mkimsimamisha hutembea miguu imeachana. Kinyesi hakitoki, au kinatoka maji matupu. Mkiona hivyo, ulizeni swali moja kabla ya yote: ametiwa majini? Na mwulizeni mtu akiwa peke yake. Sababu ya kusema hivyo mtaijua.

Nilikuwa bado kazini mjini Kisii, nywele zimeshaanza kunisaliti, simu ikaja. Mwanamke alikuwa akinong'ona.

"Wewe ndiye daktari wa kuku?"

"Mimi si daktari, lakini kuku nawajua."

"Njoo basi. Njoo sasa hivi. Ni kuku wa mama mkwe wangu, na mume wangu ananoa kisu."

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko juu ya soko la Daraja Mbili. Mwenye nyumba, Hamisi, aliuza mitumba hapo sokoni pamoja na mkewe Zainabu, yule aliyenipigia. Nilimkuta Hamisi uani kachuchumaa, kisu kwenye jiwe. Alisimama kunisalimia kwa adabu, kisu akakificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Daktari, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini huyu akifa mwenyewe ni mzoga. Nimchinje angali na roho, iwe halali, tule kwa heshima."

Sauti ikatoka ndani. "Tule? Tangu lini tunakula watu wa nyumba hii?"

Huyo alikuwa mama yake, Bi Salima. Baba wa bibi huyu aliletwa huku zamani na biashara ya ngozi, akaoa huku, akazikwa huku. Macho ya Bi Salima yalikuwa yamezimika kwa miaka mingi. Alikaa juu ya mkeka, mgongo umenyooka, na mapajani pake alikuwa Kidosho. Jina lilikuwa la mzaha, kwa sababu Kidosho alikuwa kishingo, wale kuku wenye shingo tupu nyekundu kama aliyevuliwa kola. Lakini mzaha uliishia kwenye jina. Kidosho ndiye aliyemwambia bibi yule kwamba kumekucha. Ndiye aliyemwambia mgeni kasimama mlangoni. Muuza maziwa alikuwa na mlio wake, paka wa jirani alikuwa na wake. Mchana kutwa, Hamisi na mkewe wakiwa sokoni, ndani ya nyumba ile walibaki wawili, na mwenye macho alikuwa kuku.

"Jana hakuimba," Bi Salima aliniambia. "Kila akitaga huimba, hunichosha kwa kujisifu. Jana aliingia kiotani mwake, nikangoja wimbo. Mpaka sasa nangoja."

Nikanawa mikono, nikampokea Kidosho. Alikuwa mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa. Niliweka vidole chini ya tumbo lake, kati ya mifupa ya nyonga, taratibu kama mnavyogusa kipele cha mtoto, nikalikuta: gumu upande mmoja, linabonyea upande mwingine, limekwama pale pale. Na manyoya ya chini, yale laini ya ndani ambayo hayakauki upesi, yalikuwa yamelowa. Yalikuwa baridi.

Nikainua macho. Zainabu alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, ncha ya mtandio mdomoni. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kama mtu aliyeona gari linamjia na miguu imekataa kutembea. Nikayaacha yale manyoya bila kuyataja.

"Kuna yai limekwama," nikasema. "Niletee maji."

"Maji tena?" Zainabu akaropoka, kisha akajiziba mdomo.

"Ya vuguvugu, katika beseni. Chumvi kidogo. Chovya kiwiko, kiwiko kisistuke wala kisipoe."

Shikeni jambo hilo. Yai hushushwa na misuli, na msuli ukipigwa na baridi hujikaza. Yai ambalo pengine lingeteleza lenyewe hubanwa kama kizibo kwenye chupa. Joto hufungua. Beseni ni lile lile, kuku ni yule yule. Maji ya kisima humsogeza kaburini, maji ya vuguvugu humrudisha mlangoni. Humrudisha mlangoni tu, sikusema humponya.

Hamisi alikuwa ameegemea nguzo. "Itachukua muda gani?"

"Sijui."

"Daktari hajui?"

"Mpe mpaka adhana ya alasiri," mama yake akasema. "Ikilia na hajafunguka, shauri lenu. Mimi nitaketi kwa jirani nisisikie."

Basi tukawa na mpaka. Nikampaka Kidosho mafuta ya kujipaka kwenye tundu la kutagia, kidole kimoja, kwa ndani kidogo tu, kisha nikamketisha katika beseni maji yakifika tumboni, mkono wangu mmoja chini ya kifua chake. Na nikaanza kufanya sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, ambayo chuoni hawawafundishi: kutofanya kitu.

Mimi nilifundishwa Nyacheki, katikati ya mashamba ya chai, na mzee mmoja wa idara yetu ya mifugo tuliyemwita Mzee Ondieki. Tuliitwa kwa mama mmoja ambaye kuku wake alikuwa ametokwa na mrija wa mayai. Nyama nyekundu imening'inia nyuma, na wenzake wanaidonoa. Kuku ndivyo walivyo, wakiona chekundu hawana undugu. Nilikuwa nimetoka chuoni, damu inachemka. Nikaikamata ile nyama nikaanza kuirudisha kwa nguvu. Mzee Ondieki akanishika kifundo cha mkono.

"Mkono wako una haraka ya nani?"

Akamtenga kuku gizani, peke yake. Akaosha nyama kwa maji safi, kisha akaomba sukari. Yule mama akadhani mzee anataka chai, akaweka sufuria jikoni! Mzee akainyunyizia sukari ile nyama, akangoja. Sukari hufyonza uvimbe. Ilipopungua, akapaka mafuta na kuisukuma ndani kwa kidole kimoja, kidogo kidogo, akisimama kila kuku aliposukuma nje. "Weka mkono," aliniambia, "halafu usiutumie. Mwache yeye akuambie." Na akaagiza kuku akae mahali penye giza, asitage kwa muda, mrija upate kujifunga. Yule mama, kwa hofu ya kuiona ile nyama tena, alimvalisha kuku nepi ya kitambaa yenye pini. Tulipopita baadaye, kuku alikuwa hai na nepi ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, ikipigwa na upepo wa majani chai. Nilicheka. Mzee hakucheka. Alisema nepi ile imezuia midomo ya wengine, na kwamba mwanamke yule angefaa kazi hii kuliko mimi.

Huko Daraja Mbili sikuwa na cha kucheka. Maji yakipoa, Zainabu aliongeza ya moto pembeni, mbali na kuku, birika likipiga ukingo wa beseni kama kengele. Chini ya kidole changu yai lilikuwa pale pale. Kidosho alisukuma mara moja, akaacha. Shingo yake tupu ilikuwa imebadilika rangi, wekundu umegeuka kuwa kama wa zambarau.

"Anasemaje?" Bi Salima akauliza.

"Anajaribu, bibi."

"Kiswahili chako kina ndizi ndani yake. Wa wapi wewe?"

"Magwagwa."

"Ndiyo maana. Ninyi mkisema 'anajaribu' humaanisha anakufa."

Hamisi alicheka kidogo, kisha akanyamaza ghafla kama aliyekumbuka yuko msibani.

Sikuweza kumbishia. Nilikuwa nikimkumbuka kuku mwingine, wa mwalimu mmoja kule kwetu, aliyesimama wima kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Tumbo lake lilikuwa kubwa, moto, linacheza ukiligusa kama mfuko wa maji. Hilo si yai lililokwama. Ni viini vilivyopotea njia, vikaangukia ndani ya tumbo na kuoza huko. Binti wa mwalimu aliniuliza kama atapona, nami kwa kumhurumia nikasema ndiyo. Msiseme ndiyo. Tumbo la namna hiyo, likiwahiwa sana, dawa ya sindano husaidia kidogo; mara nyingi husaidii kitu ila kumpunguzia maumivu, au kumwambia mwenyewe ukweli ili aamue. Mimi sikumwambia, na kuku alichukua muda mrefu kufa.

Kwa hiyo Bi Salima aliponiuliza tena, "Niambie, atapona?" nilisema, "Sijui, bibi. Yai lenyewe nadhani lina ganda laini. Likipasukia ndani, hatutampata."

Ni hapo birika lilipomponyoka Zainabu.

Maji yalitambaa sakafuni mpaka kwenye mkeka. Hamisi alianza kufoka, "Wewe nawe una nini leo?" lakini mkewe alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, hajali maji.

"Mama, ni mimi. Nilidhani anaatamia. Nilimtia kwenye pipa la maji jana jioni, na leo asubuhi tena. Alikuwa hapigi kelele, nikasema ametulia. Mama, ni mimi nimemuua."

Hamisi alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Nilimwona akipanga maneno, na nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa kwa ajili ya kuku. Mnaingia katika nyumba za watu, wanangu. Msidhani mnatibu mnyama peke yake.

Bi Salima alinyoosha mkono hewani mpaka ukapata kichwa cha Zainabu.

"Nilikusikia ukifungua pipa," alisema.

"Ulinisikia?"

"Jana na leo. Ningepiga kelele kama ningejua ni kosa. Nikasema moyoni, vizuri, mkwe wangu ameshika. Ulipoolewa hapa hukujua hata kumshika kuku mabawa. Nani alikufundisha kumtia majini?"

Zainabu alilia bila sauti.

"Basi inuka, unalowesha nguo. Mkono ulikuwa wako. Hayo mengine ni yangu."

Adhana ikaanza.

Ilipanda kutoka mjini, ikapita juu ya kelele za soko, ikaingia uani. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshika kuku aliyelegea, kichwa chake kimelala juu ya kifundo cha mkono wangu, na nilikuwa nikiomba kwa Mungu wa Sabato yetu kwamba Mungu wa adhana ile asiwe na haraka. Najua ni mmoja. Lakini wakati ule niliomba kwa wote wawili.

Hamisi akajikohoza. "Mama, umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Akaangalia kisu. Akaniangalia mimi. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: akakiweka kisu dirishani, akachukua kanzu msumarini.

"Swala kwanza," alisema. "Nikirudi."

Alipotoka tu, nilimtoa Kidosho majini. Zainabu alileta sweta ya mitumba, tukamkausha, tukajaza chupa maji ya moto na kuifunga kitambaa, tukamwekea ubavuni. Jiko la makaa nililiacha nje. Msifunge jiko la makaa ndani na kiumbe yeyote, awe kuku au mtu. Nikapaka mafuta tena. Nikaweka mkono chini ya tumbo, na sikuutumia.

Akasukuma. Nikahisi ule ugumu unageuka kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Akasukuma tena, na mara hii nikaona ncha nyeupe isiyong'aa. Kila kidole changu kilitaka kuivuta. Msiivute. Ganda laini likipasuka katikati ya njia, mabaki yake ni sumu na kisu kwa pamoja. Nilimwambia Zainabu azungumze na kuku, kwa sababu mimi nilihitaji mtu azungumze.

"Kidosho," alisema. "Kidosho, dada yangu, toa. Toa tu. Usinifanyie hivi."

Likatoka. Lilianguka kwenye sweta likiwa limekunjika kama karatasi iliyolowa, ganda upande mmoja, ngozi tupu upande wa pili. Nililitazama kwa makini kama lote limetoka. Lote lilitoka.

Zainabu akapiga makofi. Nikamkataza. Yai kutoka si kupona. Kuku wengi nimewaona wakifa baada ya yai, kwa uchovu, kwa baridi iliyoshaingia, wakati wenye nyumba wanashangilia. Nilimweleza mambo ya baadaye ili mikono yetu ipate shughuli: kwamba kuku anayeishi ndani na kula wali na ugali uliobaki hana cha kutengenezea ganda, kwamba ampe maganda ya mayai yaliyokaangwa na kusagwa, na vumbi la omena, wale dagaa wadogo, na amtoe juani, kwamba nitarudi kumdunga sindano, na mayai yake wasiyale mpaka nitakapowaruhusu. Zainabu aliitikia kila kitu. Sidhani alisikia.

Kidosho alikuwa amelala ubavu ndani ya sweta, macho yamefumbwa. Nilichovya kidole katika maji yenye sukari kidogo, nikagusa pembeni mwa mdomo. Tone likateremka, likapotelea kwenye sweta. Nikachovya tena. Likateremka. Bi Salima alikuwa amejisogeza mpaka goti lake likagusa langu, mkono wake juu ya mgongo wa kuku, kiganja kimetandazwa, hakibonyezi. Nikachovya tena. Koo la Kidosho, lile koo tupu ambalo halifichi jambo, likapanda, likashuka.

"Amemeza," Bi Salima alisema kabla yangu.

Akameza tena. Jicho moja likafunguka, la rangi ya chai nyepesi, likanitazama bila shukrani yoyote.

Hapo mlango ukasukumwa. Hamisi alisimama kizingitini, viatu mkononi, kanzu imelowa miguuni kwa udhu. Aliliona beseni tupu. Aliiona sweta, nasi watatu tumeiinamia. Kisu kilikuwa dirishani, kwenye urefu wa mkono wake, na upepo wa mteremko ulikuwa ukiingia nyuma yake.

Mama yake hakugeuza kichwa.

"Ingia ufunge mlango," alisema. "Unampiga mwenzio baridi."